Kasiksi: shimo si lazima, maji safi ni lazima

Huko Kivu ya Kusini, wenye kutengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, hufuata njia moja: kuivisha ndizi ndani ya shimo, kuzikamua kwa majani, kuongeza maji na unga wa mtama uliokaangwa, kisha kuiacha ichache siku 1 mpaka 3. Je, yote hayo ni lazima?

Kuiva ni lazima. Ndizi ikiiva, wanga wake unageuka sukari, na sukari ndiyo inaleta pombe. Lakini shimo linasaidia tu, kwa mfano kwa kutunza joto. Ndizi zilizotundikwa juu ya moto jikoni huiva pia. Majani yanasaidia maji ya ndizi kutoka bila kuchanganyika na nyama yake. Mtama unaleta rangi na harufu, tena unaharakisha kuchacha. Hata bila mtama, maji ya ndizi yatachacha.

Jambo kubwa ni maji. Kasiksi haichemshwi, na ukali wake hautoshi kuua vijidudu vya maji machafu. Katika Kivu, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, maji yachemshwe kwanza, yapoe, na bido zioshwe vizuri. Ladha haitapotea.