Hodges: Fainali nzima bila pigo, mashabiki wakamwombea

Straika akimaliza mechi saba za kuwania kombe bila bao, anajua kinachomsubiri. Atazomewa uwanjani, na vijiweni jina lake litageuka kichekesho. Mwaka 1952 Gil Hodges, nyota wa besiboli wa Brooklyn Dodgers ya New York, alikumbwa na ukame wa namna hiyo. Lakini hakuzomewa.

Hodges alikuwa mlinzi wa kituo cha kwanza, yule anayedaka mipira ya wenzake kabla mpinzani hajafika kituoni. Alianzia nafasi ya mdakaji wa nyuma ya mpigaji, hadi 1948 Roy Campanella alipokuja na kocha Leo Durocher akamsogeza. Gongo nalo alilijua. Agosti 31, 1950, dhidi ya Boston Braves, alipiga homurani nne, yaani mpira ulitoka nje ya uzio mara nne katika mechi moja.

Ikaja fainali ya 1952 dhidi ya Yankees, wababe wa jiji hilohilo. Mechi saba, zamu 21 za kupiga zilizohesabiwa, pigo la kumfikisha kituoni hakuna hata moja. Dodgers wakalala 4-3. Na hii ni timu ambayo haikuwa imewahi kutwaa ubingwa huo!

Watu wa Brooklyn, ambao kwa kelele hawakuwa na mpinzani, wakamwandikia barua za kumtia moyo, wengine wakamtumia rozari. Msimu wa 1953 ulipoanza jamaa bado amekauka, padri mmoja Jumapili ya joto kali akakatisha mahubiri na kuwaambia waumini waende nyumbani wakamwombee Hodges. Alimaliza mwaka ule na homurani 31 na wastani wa 0.302, ambao kwa mpigaji ni wa daraja la juu.

Mapenzi hayo hayakuja hivihivi. Hodges alikuwa mpole, mwanajeshi wa zamani aliyepigana Okinawa, na alioa binti wa Brooklyn akaishi hapohapo na mashabiki wake.

Deni akalilipa Oktoba 4, 1955, mechi ya saba, tena kwenye uwanja wa Yankees wenyewe. Dodgers walishinda 2-0 na pointi zote mbili zilitokana na gongo la Hodges. Mpira wa mwisho ulirushwa na Pee Wee Reese, ukatua mikononi mwake. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Brooklyn, na ndio pekee, maana 1958 timu ilihamia Los Angeles.

Alistaafu na homurani 370. Akiwa kocha aliichukua New York Mets, timu iliyozoea mkiani, akaipa ubingwa wa 1969. Aprili 2, 1972, moyo ulisimama ghafla, siku mbili kabla hajafikisha miaka 48.

Cha ajabu, jumba la magwiji wa besiboli lilimfungia mlango kwa miongo. Waandishi walimpigia kura miaka 15 bila kufikisha asilimia 75 zinazotakiwa, na 1993 akakosa kura moja tu kwenye kamati ya maveterani. Mlango ulifunguliwa Desemba 2021. Mkewe Joan, akiwa na miaka 95, alikuwa bado hai kuipokea habari hiyo.