Ukurasa wa Somo Usipoonekana: Bonyeza F12

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, imepokea wakimbizi tangu 1994. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili huwaunganisha. Tuseme mwalimu aliyeko Lilongwe amewawekea somo la ngeli kwenye Moodle. Kwake picha zinaonekana. Kwa mwanafunzi wa Dzaleka ni mraba mtupu, na bando limekwisha. Kosa liko wapi?

Mwalimu asikimbilie kulaumu simu. Afungue ukurasa huo kwa akaunti ya mwanafunzi, kwenye kompyuta yenye Chrome au Firefox, kisha abonyeze F12. Zana hizi zimo tayari ndani ya kivinjari; hazinunuliwi.

Sehemu iitwayo Console hutaja makosa kwa maandishi mekundu. Ile ya Network, ukurasa ukipakiwa upya, huorodhesha kila faili na uzito wake. Namba 404 maana yake faili halikupatikana, 403, haliruhusiwi, 500, seva yenyewe imekwama.

Tazama pia anwani ya picha. Ikiwa na "draftfile.php", picha ingali katika rasimu ya mwalimu, naye peke yake ndiye aionaye. Aiweke upya kupitia kihariri cha Moodle na kuhifadhi, anwani itakuwa na "pluginfile.php". Picha ya megabaiti 5 nayo ipunguzwe, kwani anayeilipia ni mwanafunzi.

Nanyi wanafunzi, mkiona mraba mtupu, semeni. Mficha uchi hazai.