Upasuaji wa uvimbe ndani ya sainasi na swala ya mgonjwa

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Muislamu wa Tarime au Serengeti akiambiwa ana uvimbe wenye maji ndani ya sainasi na huenda akapasuliwa, hujiuliza: je, inafaa? Na nitasujudu vipi nikikatazwa kuinama?

Sainasi ni matundu yenye hewa katika mifupa ya uso, kuizunguka pua. Kijitezi cha ute kikiziba, hujaa maji na kuwa kifuko. Vifuko vingi havidhuru, huonekana kwa bahati tu kwenye picha, wala havihitaji kisu. Upasuaji huja pale kifuko kinapoziba njia ya ute, kuleta maambukizi yanayojirudia, au kukua hadi kusukuma mfupa wa jicho. Jicho likivimba au uoni ukififia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo hupitisha puani mrija mwembamba wenye kamera, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi, bila kuchana uso. Kwa watu wa Mara, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza.

Ama hukumu yake, inafaa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Ruqya ni kheri, lakini isiwe sababu ya kuchelewa hospitali.

Baada ya upasuaji, mgonjwa hukatazwa kwa muda kupenga kamasi, kubeba mizigo na kuinamisha kichwa. Basi azingatie haya:

1. Udhu: asipandishe maji puani. Katika madhehebu ya Imam Shafi jambo hilo ni sunna, hivyo udhu wake ni sahihi bila hilo.

2. Damu: kutoka damu puani hakutengui udhu katika madhehebu hayo. Aizuie kadiri awezavyo, kisha aswali.

3. Swala: Imran bin Huswayn (r.a.) alipougua bawasiri, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Kwa hiyo anayeweza kusimama asimame, kisha rukuu na sijda aashirie kwa kiasi ambacho daktari ameruhusu, sijda akiwa ameketi na ishara yake iwe chini zaidi.

Asiiache swala, wala asiharibu kidonda chake kwa kujikalifisha. Allah awaponye wagonjwa wetu.

Wallahu a'lam.