Gradu ya Keja

Mathe aliamka saa kumi na moja asubuhi akaanza kupiga pasi kitenge. Nilimskia kutoka kwa kochi, venye alikuwa ananyunyizia maji kwa kiganja na anaimba chini chini wimbo wa kanisa. Nilitaka kumwambia asijisumbue, ju hakuna mahali tulikuwa tunaishia. Gradu ilikuwa kwa simu. Lakini manze ungeona venye alikuwa ananyoosha pindo la mkono na kidole kabla ya kupitisha pasi, pia wewe ungenyamaza. Saa mbili kasoro alikuwa ameshapiga luku yote: kitenge cha kijani, kilemba, njumu za harusi ya anko. Akaketi kwa stuli, mgongo wima, mikono kwa magoti.

"Inaanza saa ngapi, baba?"

"Saa tatu, mathe."

Simu ilikuwa yangu, kioo kimepasuka kona moja, tumeiegemeza kwa thamosi ya chai. Bando nilikuwa nimenunua usiku, ya soo mbili, nikaificha kabisa sista asiimalize na TikTok. Mbele ya hiyo thamosi tulikuwa wanne: mathe, sista, mimi na joho langu, na mama jirani wa mlango wa pili, amevaa maski, amesimama kizingitini amekataa kuingia ndani. Alituambia yeye ni wa soko, anashika pesa za watu siku mzima, hataki kutuletea ugonjwa siku yetu kubwa.

Niwarudishe nyuma kedo. Sisi tulifunga mtihani wa mwisho Disemba 2019. Gradu ilikuwa ikam katikati ya 2020, na mtaani plan ilikuwa imeshaanza Januari. Chama ya mathe ni mamaa kumi na wawili, wote wanauza mitumba Gikomba, na walikuwa wameenda Isich pamoja wakanunua kitenge jora moja wakagawana. Sare ya gradu yangu. Mimi sikuwa nimeulizwa rangi. Kila mmoja wao alikuwa ameweka kitu kwa fii yangu wakati fulani, kwa hivyo hiyo siku ilikuwa yao, walishona venye walitaka.

Alafu Ijumaa, 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatokea kwa TV akatangaza msee wa kwanza Kenya kupatikana na corona. Jumapili tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule, na wasee wa campo wakapewa hadi Ijumaa ile iliyofuata wawe wametoka. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni uko ndani ama unakimbizana na karao. 6 Aprili, Nairobi ikafungwa, huingii hutoki, mpaka Julai. Hapo katikati mitumba ikasimamishwa kuingia nchini, kutoka mwisho wa Machi hadi Agosti, ati nguo zinaweza kuleta kirusi. Kwa hivyo ukiskia mathe alipiga pasi hicho kitenge asubuhi hiyo, jua anakipiga mtu ambaye alikuwa amekaa miezi bila kufungua bale mpya. Gradu ilitolewa kwa kalenda na haikupewa tarehe ingine. Tukangoja.

Msee ambaye hajawai ona gradu ya Kenya anaweza dhani tunalia ju ya sherehe. Wacha nimwambie kenye inakuanga. Ukifika University Way asubuhi ya gradu ya University of Nairobi, kabla hata uone joho utaskia vigelegele. Nganya zimekodishwa kutoka Kitui, kutoka Bomet, kutoka Siaya, watu wamelala njiani wakafika saa kumi usiku, shosho ameshuka akinyoosha kiuno na kiondo mkononi. Waandaaji wanakupatianga kadi mbili za wageni, lakini kwenu wamekam thelathini, kwa hivyo wengine wote wanakaa nje kwa nyasi na chapo na soda, na hakuna hata mmoja ananung'unika. Maua yananunuliwa City Market, alafu kuna yale mataji ya karatasi za kung'aa unawekewa shingoni mpaka huoni mbele. Ndani, mkuu wa kitivo anasoma mnasimama wote pamoja, mamia, mnapewa digrii kwa sentensi moja. Jina lako haliitwi. Ukitaka uitwe jina soma hadi PhD.

Jina liko kwa kitabu. Hicho kitabu cha gradu, manze, ndo kitu. Cha kazo yangu aliyemaliza 2014 kiko kwa sanduku la mathe mpaka wa leo, katikati ya Biblia na vyeti vya kuzaliwa, na jina lake limepigwa mstari wa biki nyekundu mara tatu mpaka karatasi ikatoboka.

Na kuna wasee wa kamera. Wanakupiga ukishuka, wanakupiga ukikumbatia mathe, hata hujawaona. Ukitoka unapata picha zimetandazwa chini kwa lami kama samaki wa kukaushwa, mamia ya nyuso, na kila familia imeinama inatafuta mtu wao. Hapo ndo nilikuwa natamani sana kufika, hata kuliko jukwaa. Nilitaka mathe ainame hapo kwa lami aseme, "Huyu hapa, huyu ni wangu," alafu abishane bei.

Septemba 2020, tarehe 25, University of Nairobi ikafanya gradu yake ya kwanza ya mtandao. Vyuo vingine vilikuwa kwa njia hiyo hiyo. Chetu pia kikatutumia meseji na linki. Kwa nchi zingine wasee walikuwa wamejaribu mbinu zao. Tokyo, mwisho wa Machi, chuo cha Business Breakthrough kilivalisha roboti joho na kofia, sura ya mwanafunzi ikitokea kwa tableti, roboti ikajisukuma hadi mbele ichukue cheti. Berkeley kule California wanafunzi wakajenga campo yao ndani ya gemu ya Minecraft, na 16 Mei wakagradu humo ndani. Niliangalia hizo klipu usiku nikiwa kwa kochi, na zilinigusa. Mtu wa Tokyo na msee wa kwetu Umoja wote walikuwa wanatafuta kitu kimoja, ile mita kumi ya kutembea watu wakikuona.

Joho nilikodisha studio moja ya picha kule Riva. Chuo hakikuwa kinatoa. Mwenye studio alikuwa na majoho matatu tu na watu wa kila campo walikuwa wanapishana nayo, anayapulizia sanitaiza kati ya mteja na mteja. Kola ya langu ilikuwa na alama za poda, za rangi kama tatu tofauti. Nilikaa nikiziangalia. Madem wa hiyo poda sikuwajua, walikuwa wamegradu siku zao kwa keja zao, na sasa tulikuwa tumevaa shingo moja. Nilipata roho ya kutoisugua.

Sasa saa tatu imefika. Kwa kioo kukatokea ukumbi, viti vimeachana, wakubwa wachache wamevaa majoho mekundu na maski. Mathe akasongea karibu.

"Mbona watu ni wachache hivyo?"

"Ni corona, mathe. Wengine wote ni sisi, tuko kwa manyumba."

"Wote?"

"Wote."

Akafikiria hiyo maneno. Akaangalia dirisha, kaa mtu anahesabu magorofa ya Umoja.

Kitivo chetu kikaitwa. Nikasimama, venye kofia iko juu hivi ikagonga kamba ya nguo, sista akainua kamba na ufagio. Mkuu wa chuo akafungua mdomo kusema ile sentensi, na simu ikaganda. Mdomo wazi, mkono juu, kale kaduara kanazunguka. Sikupumua. Niligusa kioo, nikawasha na kuzima data, nikaipeleka karibu na dirisha, nikairudisha kwa thamosi. Iliporudi walikuwa kwa kitivo kingine.

"Umeshapewa?" mathe akauliza.

"Nadhani nimepewa."

Nakumbuka uso wake hapo kuliko kitu ingine yoyote ya 2020. Vigelegele vilikuwa vimefika mdomoni, mikono ilikuwa imeanza kuinuka, na hakujua kaa ni saa yake. Alikuwa amevibeba miaka minne, tangu siku alipouza cherehani ndo niripoti, na sasa hapakuwa na mtu wa kumwonyesha ni sasa. Mama jirani ndo aliokoa. Alishusha maski hadi kidevuni, akarudi nyuma hatua tatu kwa korido, akapiga kigelegele kimoja kirefu kilipanda ngazi zote hadi juu kwa tangi. Mathe akafuata. Mlango wa chini mtu akajibu, hata hakujua ni nini. Tukalia, wote.

Mchana mathe alivua njumu akavaa za soko akaenda Gikomba. Alipata mamaa wa chama kwa meza zao wamevaa kile kitenge, karibu wote, wanauza nacho. Hawakuwa wameambiana.

Siwezi sema vyuo vilikosea kufunga. Ukikusanya mashosho wa nchi mzima kwa uwanja mmoja mwaka huo ungewazika, na hakuna digrii inalipa hiyo. Kenye nalilia ni kingine, na nakisema kwa moyo wangu wote: mlango ulipofunguliwa, hakuna aliyetuita. Waliofuata walirudi uwanjani na maua yao na nganya zao, na sisi wa 2020 tukaachwa tumehesabiwa kaa tumeshamaliza. Cheti nilichukua kwa dirisha, nikaonyesha kitambulisho, nikasaini, kaa msee anachukua mzigo stegi. Tuitwe bana. Hata iwe Jumamosi moja, hata tukae kwa nyasi, watu wetu wainame watafute picha chini. Mashosho wanazidi kuzeeka.

Wangu anakaa Vihiga. Simu yake ni kabambe ya mulika mwizi, kwa hivyo siku ya gradu hakuona lolote, na kila nikipiga alikuwa ananiuliza shule inaisha lini. Nilimwelezea mara tatu. Mara ya nne nikaelewa kwamba hakuwa amesahau, kwake bado haijafanyika. Disemba nikarudi Riva, nikamwachia mwenye studio kitambulisho na ngiri moja, nikachukua lile joho la siku tatu. Kitabu cha gradu kilikuwa PDF, kurasa mamia. Kwa saiba nikaprinti ukurasa mmoja tu wenye jina langu, kinde. Nikapanda mat ya kumi na nne iliyokuwa inabeba wanane, nauli juu, safari ya mchana ju ya kafyu.

Shosho aliniona nikiingia boma na joho akakaa chini pale pale kwa mlango wa jiko. Alishika mkono wa joho, akaupindua akaangalia mshono wa ndani. Akauliza, "Na jina lako waliliita?"

Nikamwonyesha karatasi. Yeye hasomi, kwa hivyo akatuma mtoi akamwite mzee wa kanisa, ambaye husoma matangazo Jumapili. Majirani kama saba wakakam, wakakaa mbali mbali chini ya mparachichi. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Mzee akatoa miwani, akaishika ile karatasi mbele na mikono miwili, na badala ya kutafuta jina langu akaanza juu kabisa. Nilitaka kumwonyesha nilipo, shosho akanizuia na kiwiko. Kwake hiyo ilikuwa orodha, na orodha husomwa yote. Basi akasoma. Msee wa Garissa, dem wa Taveta, mapacha wa Meru wanaofuatana, majina mengine ilibidi ayajaribu mara mbili, na kila moja wale mamaa walilipigia vigelegele, full, bila kubagua. Langu lilikuwa la kumi na tisa. Shosho aliinuka akazunguka joho akiimba, tukacheza hadi vumbi ikapanda, alafu mzee akangoja tutulie, akaweka kidole kwa mstari wa ishirini, akaendelea. Alipofika chini kabisa akaipindua karatasi aone kaa kuna wengine nyuma.