Dakika Tatu, Mara Nne: Mbio Fupi za Skii za Wanawake

Mbio fupi za skii za wanawake hufanyika kwenye njia ya theluji yenye urefu wa kati ya kilomita 1 na 1.8, na mzunguko mmoja huchukua takriban dakika 3. Ni tawi la skii ya masafa, ile ambayo mchezaji hupanda vilima kwa nguvu zake mwenyewe, tofauti na skii ya mteremko ambayo mtu hubebwa na lifti hadi juu kisha akateremka. Njia huwa na miinuko, miteremko na kona kali. Aliyezoea kutazama mita 100 za uwanjani asitarajie mlipuko wa sekunde 11. Kwa mapafu na moyo, kazi hii iko kati ya mita 800 na mita 1,500, na anayetaka ubingwa huirudia mara 4 kwa siku moja.

Siku huanza na mchujo. Kila mchezaji huondoka peke yake, kwa kawaida sekunde 15 baada ya aliyemtangulia, na saa ndiyo inayoamua. Wenye kasi zaidi 30 husonga mbele. Waliobaki safari yao imeishia hapo. Robo fainali ni makundi 5 ya watu 6, na kuanzia hapo saa huacha kuwa hakimu mkuu. Wawili wa kwanza wa kila kundi hupita, pamoja na wawili wenye muda bora miongoni mwa walioshindwa, ili nusu fainali iwe na watu 12. Kwa utaratibu huohuo hupatikana 6 wa fainali. Mchezaji mwerevu hujibana nyuma ya mwenzake ili akingwe upepo, akatunza nguvu, kisha akachomoka kwenye mwinuko wa mwisho. Asiye mwerevu hufungiwa katikati ya kundi, fimbo yake ikakanyagwa, na nguvu zote alizokuwa nazo zisimsaidie kitu. Mstarini, kinachopimwa na kamera ni ncha ya buti ya kwanza kuvuka. Ndiyo maana wachezaji hujitupa mbele na mguu mmoja umenyooshwa, kisha wengi huanguka chini papo hapo.

Mitindo ni miwili. Katika mtindo wa jadi, skii hupita sambamba ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye theluji, na sehemu ya skii iliyo chini ya unyayo hupakwa nta inayoshika ili mguu upate pa kujisukumia. Katika mtindo huru, mchezaji husukuma kwa kupanua miguu pembeni, kama afanyavyo mtu wa viatu vya barafu. Skii zake huwa fupi kidogo na fimbo ndefu zaidi. Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi hubadilishana mitindo hiyo katika mbio fupi. Nta ni taaluma kamili. Mafundi hupima joto la theluji na unyevu wake tangu alfajiri, kwani nta isiyofaa humpotezea bingwa sekunde ambazo hakuna mazoezi yatakayozirudisha. Nta zenye florini, zilizokuwa na kasi kubwa lakini zenye madhara kwa mazingira na kwa mafundi wenyewe, zilipigwa marufuku na Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, kuanzia msimu wa 2023/24.

Wanawake waliingizwa katika skii ya masafa ya Olimpiki mwaka 1952 mjini Oslo, kwa kilomita 10, na Lydia Wideman wa Finland akawa bingwa wa kwanza. Mbio fupi zilichelewa sana. Ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Lahti, Finland, mwaka 2001, ambapo Pirjo Manninen alishinda mbele ya watu wa nchi yake. Mwaka uliofuata mchezo uliingia Olimpiki ya Salt Lake City, na Yuliya Chepalova wa Urusi akachukua dhahabu. Kuanzia hapo hadi 2022 mabingwa wa Olimpiki walikuwa Chandra Crawford wa Kanada (2006), Marit Bjørgen na Maiken Caspersen Falla wa Norwei (2010 na 2014), kisha Wasweden Stina Nilsson (2018) na Jonna Sundling (2022). Mwaka 2010 wanawake walikimbia kilomita 1.4 na wanaume 1.6, tofauti ambayo haikuwa na sababu ya maana ya kimwili. FIS iliamua kuwa kuanzia msimu wa 2022/23 umbali uwe sawa kwa wote, na haki hiyo ilipaswa kutendeka mapema zaidi.

Mbio za Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010 zinaonyesha ukali wa mchezo huu kuliko maelezo yoyote. Petra Majdič wa Slovenia, aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda, aliteleza kwenye kona wakati wa kupasha mwili moto, akatoka nje ya njia na kutumbukia kwenye korongo la mita 3 lenye mawe. Alitolewa huku akilia kwa maumivu. Akaenda kwenye mchujo, akapita. Akakimbia robo fainali, nusu fainali na fainali, akapata shaba, kisha akafikishwa kwenye hafla ya medali kwa kiti cha magurudumu. Madaktari walikuta mbavu kadhaa zimevunjika na pafu limetoboka.

Zipo pia mbio fupi za timu, ambapo wachezaji wawili hupokezana, kila mmoja mizunguko mitatu. Katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, Jessie Diggins alimpita Nilsson hatua za mwisho kwa tofauti ya sekunde 0.19, na yeye na Kikkan Randall wakaipa Marekani dhahabu yake ya kwanza katika skii ya masafa.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake hapa. Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii, na katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 akamaliza wa mwisho katika kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri mstarini amkumbatie. Mwaka 2002 Boit alishiriki mbio fupi za wanaume, kilomita 1.5, na chaguo hilo lina mantiki: ndizo zilizokaribia zaidi kazi ambayo mwili wake uliizoea. Kwa wanawake, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya mwaka 2018, lakini katika skii ya mteremko. Mmoja wa wanawake Waafrika waliosimama kwenye skii ya masafa ni Mathilde-Amivi Petitjean wa Togo, aliyekulia Ufaransa na kushiriki Sochi mwaka 2014.

Kwa msichana wa Mbinga, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kinachokosekana si mapafu. Sheria za FIS hazitaki njia ya mashindano ipite mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Soldier Hollow, kulikofanyika mbio za 2002, kuko karibu na mita 1,700. Vilima vya Umatengo, eneo la Mbinga, viko kati ya mita 1,300 na karibu 2,000, na watu huvipanda kila siku kwenda mashambani. Wakenya kama Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mara tatu, wameonyesha kile ambacho wanawake wa nyanda za juu wanaweza kukifanya katika juhudi za dakika chache. Pengo liko kwenye mikono na mabega, yanayobeba sehemu kubwa ya mwendo wa skii lakini humfaa mkimbiaji kidogo tu, na kwenye usawa wa mwili juu ya kipande chembamba kinachoteleza. Usawa huo hujengwa utotoni.

Baridi ya Juni na Julai Umatengo haileti theluji, ila nchi za theluji zenyewe huitumia lami wakati wa kiangazi. Skii za magurudumu huvaliwa na buti zilezile na fimbo zilezile, na zina mashindano yake ya dunia. Lami inayopanda kutoka Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa kwenda Mbinga ingefaa kwa kujenga mabega, mradi mtu apande tu, kwani skii nyingi za aina hii hazina breki na kona za kushukia ziwani ni hatari. Baada ya hapo theluji haina mbadala. Vuokatti, Finland, kuna handaki la theluji la kilomita 1.2 tangu 1997, linalowaruhusu wachezaji kufanya mazoezi hata Julai. Na tiketi ya Olimpiki huhitaji alama za FIS, zinazotolewa katika mashindano yaliyosajiliwa, kwa hiyo mchezaji wa nchi isiyo na theluji mara nyingi hulazimika kuishi ugenini msimu mmoja au zaidi, chini ya chama cha taifa kinachotambuliwa na shirikisho hilo.