Suruali ya Kinga kwa Mkwezi Atumiaye Msumeno wa Mnyororo

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi upande wa Temeke hadi Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, kazi ya kukwea miti ina wenyewe tangu zamani. Mkwezi wa nazi na mgema wa tembo walipanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, ama kwa kitanzi cha kamba miguuni, panga likiwa kiunoni. Panga lina hatari zake, lakini lina tabia moja njema: likiteleza hukata mara moja, kisha hutulia. Siku hizi mkwezi huyo huyo huitwa kupunguza mwembe ulioegemea paa la bati, au kuushusha mnazi kipande kwa kipande katikati ya nyumba zilizosongamana, na chombo anachopandishiwa kwa kamba ni msumeno wa mnyororo. Miguuni, hata hivyo, bado amevaa kaptula, au akijitahidi sana, suruali ya jinzi.

Makala haya yanawahusu makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vinavyofanya kazi hizo, pamoja na vile vinavyofikiria kununua msumeno wa kwanza. Shauri letu ni kwamba fedha za suruali ya kinga zitengwe kabla ya fedha za msumeno, na suruali yenyewe iwe ile inayouzunguka mguu mzima.

Yafaa kwanza ifahamike jinsi vazi hili linavyofanya kazi, maana wengi hudhani ni gumu kama ngao, ndiyo sababu meno hayapiti. Sivyo. Kitambaa cha nje hukatika upesi. Kinachouokoa mguu ni matabaka ya nyuzi ndefu zilizolazwa legelege ndani yake. Meno yakiisha kuchana kitambaa cha juu, huzikamata nyuzi hizo na kuzivuta nje kwa mafungu. Nyuzi huingia hadi kwenye gurudumu dogo la meno linaloendesha mnyororo, hulikaba, na mnyororo husimama. Yote hayo hutokea katika sehemu ndogo ya sekunde. Suruali haiushindi msumeno kwa nguvu, bali huusonga koo.

Anayelielewa jambo hilo ataelewa pia kwa nini fundi cherehani, ambaye ni rafiki wa kila mtu, ni adui wa vazi hili. Suruali nyingi za namna hii zinazofika kwetu zimeshonwa kwa vipimo vya watu warefu wa Ulaya. Mwanachama huipeleka kwa fundi, naye huipunguza mguu na kupiga mshono juu ya matabaka ya ndani. Kwa macho, suruali imependeza. Kwa hakika nyuzi zimefungwa mahali pamoja na haziwezi tena kuvutwa nje zikaukaba msumeno. Vazi limekuwa suruali nzito ya kawaida. Kiraka kilichoshonewa hadi ndani kina madhara hayo hayo. Ikiwa ni ndefu mno, itafutwe ya kipimo kingine.

Kwa sababu hiyo hiyo tunawasihi makatibu wasinunue suruali za kinga za mtumba. Mnunuzi hawezi kujua kama matabaka yamekwisha kuguswa na mnyororo, yamefuliwa kwa maji ya moto na jiki, au yamepigwa pasi. Joto na dawa kali huzidhoofisha nyuzi pasipo kuacha alama. Mafuta ya mnyororo nayo, yakiachwa yakauke ndani, huzigandisha zikashikamana. Suruali ifuliwe mara kwa mara kwa kufuata maelezo ya lebo, bila dawa ya kung'arisha na bila pasi.

Lebo hiyo isomwe pia kabla ya kulipa. Huwa na picha ndogo ya msumeno na namba ya daraja. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 11393, daraja 0 limejaribiwa kwa mnyororo wa mwendo wa mita 16 kwa sekunde, daraja 1 mita 20, daraja 2 mita 24 na daraja 3 mita 28. Mita 20 kwa sekunde ni kilometa 72 kwa saa, mwendo ambao daladala ya Barabara ya Kilwa huupata mara chache sana. Katibu aulize mwendo wa mnyororo wa msumeno wa chama, kisha achague daraja lisilopungua hapo. Hata hivyo daraja ni kipimo cha maabara, si ahadi. Aidha, misumeno ya betri ina nguvu ya kuzungusha hata mwendo ukiwa mdogo, kwa hiyo mtu asitegemee kwamba nyuzi zitaisimamisha kwa hakika ile ile.

Sasa tuje kwenye umbo la suruali. Aina A ina kinga upande wa mbele, na kidogo tu pembeni. Ilikusudiwa mtu aliyesimama ardhini, kama mkata miti katika shamba la misonobari la Sao Hill, ambaye msumeno uko mbele yake na miguu iko nyuma yake. Aina C huuzunguka mguu wote, mbele na nyuma. Mkwezi hasimami kama mkata miti wa shambani. Mguu mmoja umekunjwa juu ya tawi, mwingine umelikumbatia shina. Pengine ananing'inia kwenye mkanda huku nyuma ya paja au misuli ya ndama ikielekea mahali msumeno utakapoangukia ukiteleza. Kumvika huyo kinga ya mbele peke yake ni kama kuezeka nusu ya paa. Vile vya kufunga juu ya suruali kama aproni ya miguu havifai kabisa juu ya mti, kwa kuwa hunasa kwenye matawi.

Wakwezi watajibu kwamba aina C ina joto lisilovumilika, nao wanasema kweli. Mwezi wa Januari au Februari jua la mchana hapa kwetu hupita nyuzi 30, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mtu aliyechoka kwa joto hushika msumeno vibaya, jambo ambalo nalo ni hatari. Lakini dawa ya joto ni ratiba ya kazi. Ukataji wa juu uanze alfajiri mara kunapopambazuka na ukome kabla ya jua kali; wakwezi wawili wapokezane; maji ya kunywa yawepo chini ya mti. Saa za mchana zitumike kukata matawi yaliyokwisha anguka na kupakia kuni. Mteja anayetaka mti uishe leo hii aelezwe hivyo kabla ya kupatana bei. Tena tawi dogo halihitaji mashine: msumeno wa mkono wenye meno makali hulimaliza bila petroli.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ya mahali tunapoishi. Pajani hupita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatwa mtu anaweza kufa kwa kuvuja damu katika dakika chache. Kutoka ndani ya Chamazi hadi Hospitali ya Temeke, au kutoka Mabwepande hadi Mwananyamala, hata kwa bajaji na barabara ikiwa tupu, ni zaidi ya dakika chache. Kwa hiyo chini ya mti awepo mtu mwenye bandeji kubwa anayejua kuukandamiza mshipa kwa nguvu bila kuachia, na awepo mwingine awezaye kukwea na kumshusha aliyeumia.

Kuna mengine ambayo suruali haiyagusi. Msumeno mdogo wa wakwezi, wenye mshikio juu, humshawishi mtu kuutumia kwa mkono mmoja. Ushikwe kwa miwili. Kabla ya kukata, mkwezi ajifunge mahali pawili, na mkanda mmojawapo uwe na waya wa chuma ndani, kwani msumeno unaoweza kukata mguu hukata kamba kwa wepesi zaidi. Mti uliogusana na waya za umeme usikwewe hadi TANESCO wakate umeme na kuthibitisha. Na mnazi uliokufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, ukabaki mlingoti usio na kilele, usikwewe kwa hali yoyote: ganda la nje huonekana imara ilhali ndani umeoza. Uangushwe kutoka chini kwa kamba. Nafasi ikikosekana, ikodishwe gari yenye ngazi.

Kuhusu gharama, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga na kuvitunza. Chama kinachompeleka mtu juu ya mti kwa malipo kisimwambie ajinunulie. Katibu aingize suruali katika makisio yanayopelekwa kwenye Mkutano Mkuu, moja kwa kila mkwezi, wala si moja ya kuazimana, kwa kuwa vimo havilingani. Kadhalika ahakikishe kwamba wanaofanya kazi hiyo wameandikishwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mkwezi wa kutwa ambaye jina lake haliko popote, akivunjika au akikatwa, familia yake hubaki ikichangiwa na majirani.

Katika daftari la mali kila suruali iandikwe kwa namba yake, tarehe ya kununuliwa na jina la anayeivaa. Siku itakapoguswa na mnyororo, hata kama mguu haukupata mchubuko, imekwisha kazi yake. Ifutwe daftarini, kisha ikatwe vipande mbele ya shahidi, ili asije msaidizi mgeni akaiokota stoo na kupanda nayo mtini.