Kwenda Ziwa Turkana kwa Baiskeli: Muulize Upepo Kwanza

Mtu anayepanga safari ndefu ya baiskeli huanza na kilomita. Hufungua ramani kwenye simu, hupima njia, hugawanya kwa siku za likizo, basi, kazi imekwisha. Ukienda Naivasha kutoka Nairobi kwa lami, hesabu hiyo haimdhuru mtu. Ukienda Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana, kutoka Laisamis, kaskazini mwa Kenya, hesabu hiyohiyo inaweza kukuacha juu ya mawe ya volkano saa nane mchana, na chupa moja ya maji yaliyopata moto kama chai.

Njia yenyewe ni ya kama kilomita 250. Laisamis iko kwenye barabara kuu ya Isiolo, Marsabit na Moyale, kwa hiyo basi litakushusha hapo pamoja na baiskeli yako. Kutoka hapo unaiacha lami na kushika changarawe kuelekea magharibi, upande wa milima ya Ndoto na kijiji cha Ngurunit, kisha South Horr, mji mdogo uliojibana kati ya mlima Nyiru na Ol Doinyo Mara. Mbele yake kuna Sarima penye turbini za upepo 365, halafu unateremka hadi ziwani, kama mita 360 tu juu ya usawa wa bahari. Kati ya Laisamis na Sarima, kilomita 208 zilitengenezwa upya ili malori yaweze kupitisha turbini hizo. Kwa mwendesha baiskeli wa kawaida, siku tano zinatosha.

Ipo njia nyingine, ya kutoka Maralal kupitia Baragoi. Wengi husema ndiyo nzuri zaidi kwa macho, nami sibishi. Lakini ni karibu na Baragoi, kwenye bonde la Suguta, ambako makumi ya maafisa wa polisi waliuawa Novemba 2012 walipofuatilia mifugo iliyoibwa. Wizi wa mifugo huko hutulia na kuibuka tena, na hakuna ramani inayoonyesha hali ya wiki hii. Anayeijua ni dereva wa lori aliyepita jana, chifu na polisi wa mahali. Hata kwa njia ya Laisamis, ningewauliza hao watatu kabla ya kufunga mizigo.

Turbini hazikupelekwa Sarima kwa bahati. Mwaka 1982 mtaalamu wa hali ya hewa wa Kenya, Joseph Kinuthia, pamoja na G. C. Asnani, walichapisha maelezo ya mkondo wa upepo ambao sayansi ilikuwa haijautambua. Upepo wa kusini-mashariki unaotoka Bahari ya Hindi hufika kwenye uwazi ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hewa ikibanwa kwenye mlango huo huongeza kasi. Sarima, wastani wa upepo kwenye urefu wa turbini hukaribia mita 11 kwa sekunde, na si sehemu nyingi duniani zenye upepo wa hivyo ardhini. Mradi wote una uwezo wa megawati 310.

Sasa mweke mwendesha baiskeli ndani ya upepo huo. Karibu na ardhi upepo hupungua, basi tuchukue mita 8 kwa sekunde. Mtu, baiskeli na mizigo ni kilo 110, njia ni changarawe ya kawaida, tambarare. Akienda na upepo mgongoni kwa kilomita 18 kwa saa, miguu inahitaji kutoa takriban wati 120, kazi ambayo mtu mwenye mazoezi ya kadiri huifanya huku akizungumza. Ageuke sasa, aende mbisho kwa kilomita 11 tu kwa saa: anahitaji kama wati 200, na hapo mazungumzo hukatika. Ukigawanya kwa umbali, kila kilomita ya kurudi inamla nguvu karibu mara tatu ya kilomita ya kwenda. Sababu ni kwamba ukinzani wa hewa haukui sawasawa na kasi. Hukua kwa mraba wake. Kasi ya hewa inayokupiga usoni ikizidi mara mbili, ukinzani unazidi mara nne.

Ndiyo maana uamuzi wa kwanza wa safari hii ni mwelekeo. Laisamis kwenda ziwani, upepo unakusukuma. Ziwani kwenda Laisamis, unapanda mwinuko na unapigana na upepo kwa wakati mmoja. Wapo wanaorudi kwa baiskeli kwa sababu wanataka kufunga mzunguko kwenye ramani. Hiyo ni hiari yao, ila wasigawanye siku za kurudi kwa kipimo cha siku za kwenda.

Upepo huu una saa zake pia. Mchana jua huchemsha ardhi, hewa ya chini hupanda na kuchanganyika na ya juu, na mchanganyiko huo huuzuia mkondo kama breki. Usiku ardhi hupoa, hewa iliyo karibu nayo hutulia, na mkondo wa juu yake huachiwa uteleze bila kushikwa. Hivyo nguvu yake kubwa huja usiku na alfajiri, halafu hulegea kadiri mchana unavyosonga. Kwa bahati nzuri, saa za baridi na saa za upepo ni zilezile. Anayeanza kukanyaga pedeli saa kumi na moja alfajiri hupata vyote viwili. Saa nne asubuhi anaanza kutafuta kivuli, na hana haja ya kuona aibu.

Kuna jambo moja ambalo wengi huligundua wakiwa tayari njiani. Upepo wa nyuma husaidia miguu lakini huumiza ngozi. Ukienda mita 8 kwa sekunde kwenye mteremko na upepo wa nyuma ukienda mita 8, hewa inayokuzunguka imesimama. Jasho halikauki, linatiririka tu, na jasho linalodondoka chini halikupozi. Unaenda mbio huku unajihisi uko ndani ya tanuri. Dawa yake ni kusimama. Geuka uangalie ulikotoka, fungua shati, upigwe na upepo dakika mbili, kisha uendelee.

Hesabu ya maji inatokana na hapo. Misuli hugeuza karibu robo tu ya chakula kuwa mwendo. Anayetoa wati 120 kwenye pedeli huzalisha kama wati 400 nyingine za joto ambazo lazima zitoke mwilini. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huchukua joto la megajuli 2.4, kwa hiyo wati 400 kwa saa nzima zinataka zaidi ya nusu lita. Ongeza jua la kichwani, joto linalorudi kutoka kwenye mawe meusi, na hewa ambayo mchana huwa moto kuliko ngozi yenyewe, unafika lita moja kwa saa au zaidi. Kipande cha mwisho, South Horr hadi Loiyangalani, ni saa nane za kazi ukijumlisha kusukuma. Beba lita 8 hadi 10. Ni hadi kilo 10 za ziada, zikae chini na katikati ya fremu, si mgongoni.

Maji matupu nayo yana hatari yake. Jasho hutoka na chumvi, na mtu anayekunywa lita 8 za maji bila kurudisha chumvi huishia na kichwa kinachouma, kichefuchefu na akili iliyochanganyikiwa, dalili ambazo wenzake huzidhania kiu na kumpa maji zaidi. Mchanganyiko ambao zahanati hufundisha kwa mtoto anayeharisha, yaani nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari kwa lita, unafanya kazi hapa vizuri na hugharimu sarafu.

Usitegemee ziwa. Machi 1888 msafara wa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel ulifika ukingo wa kusini wa ziwa hili baada ya kuanzia Pangani mwaka uliotangulia. Wapagazi wengi walikuwa watu wa pwani na Unguja, na kati ya walioongoza alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za bara. Walikuwa wamevuka jangwa la mawe wakiwa na kiu, wakakimbilia maji, na kuyaonja wakakuta yana magadi. Ziwa halina mto unaotoka. Maji huingia, sehemu kubwa kutoka mto Omo wa Ethiopia, na njia yake pekee ya kutoka ni mvuke. Chumvi na floridi hubaki.

Hapa chujio la bei ghali halikusaidii. Chujio huzuia bakteria na matope. Floridi imeyeyuka na hupita pamoja na maji. Kuchemsha hakuiondoi, na maji yanayopungua kwenye sufuria huiacha ikiwa kali zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya Bonde la Ufa huvuka hapo. Kwa mgeni wa siku chache si hatari kubwa. Wanaodhurika ni wanaoyanywa tangu utotoni. Miongoni mwa Waelmolo, wavuvi wa ziwa hili, meno yenye madoa na miguu iliyopinda ni mambo yanayojulikana. Maji mazuri njiani hutoka milimani. Misitu iliyo juu ya Nyiru hukamata ukungu na mvua, na vijito hushuka hadi South Horr. Loiyangalani nayo ina chemchemi, ndiyo iliyootesha ile mikoma unayoiona kwa mbali.

Baada ya maji, milima. Kuinua kilo 110 kwa mita 100 kunataka takriban kilojuli 108, sawa na kuendesha kama kilomita 3 na nusu za changarawe tambarare bila upepo. Ni kanuni rahisi ya kurekebisha ramani. Tatizo ni kwamba ramani nyingi za simu hupata vimo vyake kutokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, ambavyo huigawa ardhi katika vipande vya upana wa mita kama 30. Laga, yaani mkondo wa mto mkavu, yenye upana wa mita 10 humezwa ndani ya kipande kimoja. Kwenye skrini njia inaonekana imenyooka. Chini ya matairi kuna genge la kuteremka, mchanga wa kusukuma baiskeli, na genge la kupanda. Mwinuko si kitu. Mchanga ndio unaokula saa. Na usilale ndani ya laga hata kama mchanga wake unavutia: mvua ikinyesha mlimani, mafuriko hukufikia huku juu yako nyota zinang'aa.

Barabara ya changarawe iliyopitwa na malori hujaa matuta madogo kama mawimbi ya bati. Madereva hulaumu springi. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walipitisha gurudumu dogo lisilo na springi yoyote juu ya mchanga, na matuta yakajitokeza pale kasi ilipovuka kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho mchanga ulibaki laini. Baiskeli haiwezi kuyaondoa wala kuyakimbia, basi kinachobaki ni tairi. Tairi pana la inchi 2.4 lenye upepo mdogo hubonyea juu ya tuta badala ya kukurusha, na nguvu ambayo ingepotea kwa kuitikisa nyama ya mwili hubaki kwenye mwendo. Wengi hujaza upepo mno kwa imani kwamba tairi gumu ndilo jepesi. Kwenye lami sawa, lina nafuu kidogo. Kwenye matuta, linachosha.

Tairi lina maadui wengine wawili: mwiba wa mgunga na mbigili. Mbigili imekaa chini bila kujitangaza. Unaiona tu ukigeuza gurudumu, vichwa vidogo vya kijivu vimejipanga kwenye mpira kama vifungo. Usizing'oe papo hapo ikiwa huna gundi ya maji ndani ya tairi, maana mbegu iliyoziba tundu ndiyo inayozuia upepo usitoke. Gundi hiyo hukauka upesi kwenye joto, kwa hiyo beba ya akiba, na beba tyubu mbili. Duka la kijijini likiwa na tyubu, itakuwa ya baiskeli nzito ya inchi 28. Kwa dharura huingia kwenye tairi la inchi 29 bila ugomvi, ila vali yake huenda ikawa nene kuliko tundu la ringi yako. Fundi atataka kulitoboa zaidi. Kama ringi ni ya alumini mwache. Kama ni ya kaboni, mshike mkono.

Chakula hakinisumbui sana. South Horr kuna chapati, maharagwe na chai, na ukikaribishwa maziwa ya ngamia, kunywa. Karanga hubeba kalori 570 hivi kwa kila gramu 100 na haziyeyuki kwenye mfuko kama chokoleti. Hema ndilo ningelifikiria mara mbili. Upepo wa usiku karibu na ziwa huvunja nguzo za hema refu. Vibanda vya wenyeji vya matawi na makuti ya mkoma ni vya mviringo na vifupi, upepo hupita juu yake bila kupata ukuta wa kusukuma. Omba kulala ndani ya boma au nyuma ya ukuta wa mawe, na uingie kabla ya saa moja jioni.

Ukifika Loiyangalani, tafuta lori la samaki la kurudi nalo siku hiyohiyo, kabla ya kuoga. Malori hayo hayana ratiba; huondoka yakijaa, na nafasi nzuri huenda kwa aliyezungumza na dereva mapema. Baiskeli hufungwa juu ya magunia, cheni ikiangalia juu ili isinaswe na kamba. Elewana nauli yako na ya baiskeli mbali mbali kabla haijapandishwa, na tandika kitu chini ya breki, maana mafuta ya samaki yakiingia kwenye diski hayatoki kwa kufuta.